Wembe Usimguse Elibariki

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumatano mchana

Mama Haika, mke wangu,

Nimekukosea. Najua barua inaanza na salamu, na ni mimi niliyekuwa nakucheka zamani ukianza na shida kabla hujauliza hali, lakini hii nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe na neno lenyewe sijalisema. Nimekukosea wewe na nimemkosea Elibariki. Na kuna baya zaidi ambalo bado halijatokea, nisipowahi litatokea. Kwa hiyo kabla hujasoma mstari mwingine: Elibariki asitahiriwe Jumatatu. Wembe usimguse. Hata kama Kaka Ndekirwa ameshamwita ngariba, hata kama pombe ya mbege imeshapikwa na wageni wameshaambiwa. Muite mtoto, muweke karibu yako, halafu ndio urudi usome.

Sasa salamu. Hujambo? Haika hajambo? Elibariki anaendeleaje? Nauliza kwa woga, maana ni mara ya kwanza kwa miaka miwili naandika jina lake. Barua zangu zote nilikuwa naandika "huyo mtoto wako". Najua uliliona, kwa sababu na wewe uliacha kuniandikia habari zake. Krismasi iliyopita nilimpa mtu mzigo wenu, gauni la Haika na kitenge chako, Elibariki hakuna kitu. Haika akaniandikia kwamba alikata utepe wa gauni lake akamfunga mdogo wake mkononi ili naye awe na kipya cha kuendea kanisani. Ile barua niliisoma nimesimama mlangoni dukani, nikaikunja, nikarudi kukata nguo. Sikumjibu mtoto.

Mimi mwilini ni mzima. Moyoni siyo.

Sikuwahi kukuambia kwa nini niliwarudisha nyumbani siku ile, nawe hukuniuliza. Tulikaa stendi ya Ubungo kama watu wasiojuana, mtoto kakulalia begani na pamba puani. Leo nakuambia. Unakumbuka walivyosema pale hospitali kubwa kwamba Elibariki ameishiwa damu, ndugu wajitokeze. Nikaenda mimi wa kwanza, nimekunja shati mpaka begani, najisikia baba kweli kweli. Nikatolewa kidogo ya kupimia, nikakaa kwenye benchi. Baadaye yule bwana wa maabara akachungulia dirishani akaniita, akasema, "Mzee, damu yako na ya mtoto haziendani. Tafuta mtu mwingine." Akafunga dirisha maana foleni ilikuwa ndefu. Halafu ukapimwa wewe, yako ikakubali, ukalazwa pale ukatolewa.

Hayo tu, Mama Haika. Sikuuliza kwa mtu yeyote. Nilikaa kwenye lile benchi nikaanza kuhesabu miezi, ulipokuwa nyumbani na mimi huku, nani alikuja kukusaidia kuvuna kahawa, nani alikusalimia akicheka. Sisi tangu tumezaliwa tunasikia mtu anasema huyu ni damu yangu, fulani na fulani damu zao haziendani. Nikachukua maneno ya dirishani nikayaweka kwenye maneno ya nyumbani, yakatosha kama kifungo na tundu lake. Nikakumbuka na Eliamani wetu, alivyofariki mweupe kama nta hata mwaka hajatimiza, nikasema basi na yule labda. Mungu anisamehe. Mtoto yuko kaburini, na mimi namvua jina.

Sasa ya Kaka Ndekirwa. Alipokuja huku mwezi wa tisa kununua mabati, alinikuta na hilo jambo kifuani. Sikumwambia lote, nilimwambia nusu, na nusu ndiyo mbaya kuliko lote. Nikamwambia Elibariki ameshakuwa mkubwa, shule zikifungwa mwezi wa kumi na mbili atahiriwe nyumbani kwa ngariba, kwa desturi, siyo zahanati, bila ganzi wala nini. Nikasema, "Kama ni wa kwetu, hatalia." Kaka akanitazama, akasema sawa. Ulipopata habari ukaniletea ujumbe kwa mdomo wa Mama Manka wa huko kwetu, anayekuja huku kuuza ndizi, kwamba mtoto bado anatokwa na madoa mwilini, tusubiri. Nikamjibu Mama Manka kwamba wanawake wakiachiwa, hakuna mwanaume atakayekua. Alicheka, akidhani natania.

Jana ndio mambo yote yamegeuka.

Unamjua Mzee Kanti, mwenye duka la vitambaa, yule Mhindi aliyenipa nafasi ya meza yangu ya kukatia kule nyuma baada ya kiwanda chetu cha nguo kuuzwa na sisi wote kutolewa nje na vyeti vyetu. Na huenda humkumbuki binti yake, Bhavna. Nilimkatia sare za sekondari kabla hajaenda Ulaya kusomea udaktari wa damu. Ni yule daktari mwenye msuko mrefu aliyekukalisha siku ile akakuuliza habari za ukoo wenu wote, akichora miraba na miviringo kwenye karatasi. Nilidhani anapoteza muda. Ulimwambia mama yako alikuwa na kaka zake wawili waliokufa wadogo kwa kutoka damu. Mimi nilikuwepo, nikasikia, sikuona inahusu nini.

Basi jana saa nne za asubuhi niko na rundo la kaptula za shule, akaingia kwa mlango wa nyuma na koti jeupe mkononi. Huku Kariakoo Wachaga wote tunaitwa Mangi, hata yeye ananiita hivyo tangu mdogo. Akasema, "Mangi, shikamoo. Kwenye faili umeandika duka la baba tu, hakuna pa nyumbani. Mtoto yuko wapi?"

Nikamuuliza mtoto gani.

"Elibariki. Ile damu niliyoipeleka kwa walimu wangu kule Ulaya imejibiwa."

Nikamwambia yuko kwao. Akasema kwao wapi, si kwako? Mama Haika, sijui ni shetani gani alinisukuma, miaka miwili sijamwambia mtu, nikamwambia yeye na baba yake akisikia: "Daktari, yule si damu yangu. Mliniambia wenyewe pale dirishani kwamba haziendani."

Alianza kucheka, kisha akaniona uso, akaacha. Akakaa juu ya robota la kitambaa. Akasema, "Mangi, haziendani maana yake usimtilie yako kwenye mshipa wake. Basi. Wewe ni B, mtoto ni A kama mama yake. Kila mtu amebeba mbili, moja ya baba na moja ya mama. Wewe B yako iko mbele, nyuma yake una O, haionekani. Mtoto alichukua ile ya nyuma. Mimi na baba yangu huyu hapa, damu zetu haziendani vilevile."

Mzee Kanti akadakia kutoka kwenye kaunta, "Hata akili haziendani. Lakini mtazame pua, Mangi. Pua hii alipata wapi, sokoni?"

Wateja wakacheka. Mimi nilishika ukingo wa meza. Yule bwana wa maabara hakunidanganya, alinipa Kiswahili cha hospitali, mimi nikasikia cha nyumbani.

Daktari akasema tuliache hilo, kuna kubwa zaidi, na muda ni mdogo. Akanieleza ugonjwa wa mtoto. Nitajaribu kukuandikia kama nilivyoelewa, kwa sababu ni haki yako kuliko yangu. Aliniuliza kwanza kazi yangu nafanyaje. Nikamwonyesha: tabaka za kitambaa zimelazwa moja juu ya nyingine, mkataji anafuata mistari ya chaki, na pembeni lazima awepo mtu wa kukandamiza tabaka zisitembee, anakwenda naye sambamba. Kiwandani tulimwita mshikaji. Nikamwambia mkataji hata awe hodari namna gani, mshikaji akikosa pa kushika, tabaka za juu zinatoka sawa, za chini zinatoka kama masikio ya mbwa.

Akafurahi kabisa. Akasema ndani ya mifupa kuna uboho, na ndani ya uboho kuna chembe changa ambazo bado hazijawa kitu, kama kitambaa kabla hakijakatwa. Chembe hiyohiyo inaweza kuwa nyekundu, ya kubeba pumzi mwilini, inaweza kuwa nyeupe, ya kupigana na magonjwa, au ikazaa vile vipande vidogo vinavyokimbilia kidonda na kukiziba. Mimi nikauliza, sasa nani anaamua ipi iwe nini? Akasema, "Swali zuri, sisi wenyewe tunaliuliza mpaka leo." Kila chembe ina kitabu cha maagizo, kitabu kizima, kinafanana mwili mzima. Lakini chembe haisomi kitabu kizima. Kuna protini ambazo kazi yao ni kushika kitabu mahali fulani tu, kufungua ukurasa huu na kufunga ule. Ukurasa wa nyekundu ukifunguliwa, chembe inakuwa nyekundu. Huyo ndiye mkataji. Na hafanyi kazi peke yake. Ana mwenzake asiyegusa kitabu hata kidogo, kazi yake ni kumshika yeye, wakishikana ndio ukurasa unafunguka sawasawa.

Nikamwambia, "Mshikaji wake."

"Haya, mshikaji wake. Sasa Elibariki mkataji wake anasoma vizuri, na mshikaji wake ni mzima. Shida iko pale wanaposhikana. Herufi moja kwenye kitabu imeandikwa vingine. Moja tu. Basi mkono wa mkataji umepinda kidogo, na mshikaji anauparamia anaukosa."

Kwa hiyo chembe zake zinaanza kukatwa, hazimaliziki. Zinarundikana kwenye uboho nusunusu, nguo zisizoshonwa. Nyekundu zinakuwa chache, ndio maana ya weupe wa midomo na kuchoka. Na vile vipande vya kuziba kidonda ni vichache mno, na vilivyopo havina nguvu. Ndio maana akijigonga mlangoni anavilia wiki nzima, ndio maana ya pua. Si mdudu, si mkono wa mtu, si kwamba hukumlisha. Akasema wakubwa wake huko nje nao wamelijua hili juzijuzi tu, kabla ya hapo hata wao wangemtazama wasijue.

Nikauliza hiyo herufi imekosewa na nani. Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu nilifikiri kukuficha nikaona kuficha ndiko kulikotufikisha hapa. Akasema kile kipande cha kitabu mwanamke anacho mara mbili, mwanaume mara moja tu, na ile moja mtoto wa kiume anaipata kwa mama. Wewe nakala yako moja ina hiyo herufi na nyingine ni nzima, ile nzima inakufanyia kazi, ndio maana huumwi. Ulipata kwa mama yako, naye kwa mama yake, ndio wale wajomba. Eliamani alipata ileile, Daktari anaamini hivyo. Haika anaweza kuwa ameibeba au hakuibeba, kwake itajulikana akipimwa, na yeye haitamuumiza.

Sasa nakiri na hili. Aliposema imepitia kwako, dakika ile nilihisi nafuu. Yaani niliposikia si kosa langu, kitu kikashuka kifuani, kana kwamba baada ya kukusingizia moja nimepewa jingine la kweli. Nadhani alikiona usoni. Akaniambia, "Usianze, Mangi. Hakuchagua, wala hakujua. Kila mimba ni kama kuokota nguo ndani ya gunia umefumba macho." Kisha akasema neno ambalo limenikaa: "Na wewe ulimpa nini? Ulimpa kuwa wa kiume. Angekuwa wa kike asingeumwa. Tumlaumu nani?"

Nikachukua mkasi wangu nirudi kwenye kaptula.

Daktari akachukua kalamu akaanza kuniandikia masharti. Asipewe asprini hata moja, wala ile dawa ya homa ya kwenye pakiti yenye asprini ndani. Asichomwe sindano ya tako. Asing'olewe jino bila hospitali kujua. Akiwa anaandika akasema tu, bila kuinua kichwa, "Na asitahiriwe. Mpaka mimi niseme, na iwe hospitali, na damu iwe imeandaliwa pembeni."

Mkasi ulinitoka mkononi ukaanguka sakafuni.

Akaniuliza kuna nini. Nikasema Jumatatu.

"Jumatatu ipi?"

Nikamwambia hii inayokuja.

"Nani amepanga?"

Nikasema, "Mimi."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Akaketi tena kwenye robota, akasema taratibu kwamba mtoto mwenye damu ile akikatwa na wembe nyumbani, damu haitasimama. Wataweka majivu, wataweka majani, itaendelea. Watasema mtoto legelege. Mpaka wapate gari na kuteremka Moshi mjini, itakuwa nini? Akasema hayo huku akinitazama, nikamwona Elibariki amekaa kwenye jani la mgomba anajitahidi asilie, kwa sababu ameambiwa wa kwetu hawalii. Na angejikaza, Mama Haika. Unamjua. Angejikaza mpaka mwisho ili mimi nisikie kwamba hakulia.

Tangu saa ile kazi imenishinda. Nimekata kaptula ina mguu mmoja mrefu, Mzee Kanti akasema Mangi hiyo ni ya mteja gani, mimi hata kucheka sikuweza. Nilikimbia kwenye simu za kulipia nikapiga ofisi ya usharika, hapo kanisani kwetu. Jana mara nne, inalia haipokelewi. Leo asubuhi akapokea mama mmoja, nadhani anafagia pale, simu inakoroma. Nikapiga kelele, "Elibariki! Mwambieni mama yake, Elibariki asiguswe!" Akanijibu kwa upole kabisa kwamba Ubarikio wa vijana kanisani ulishapita, nijaribu mwakani. Laini ikakatika. Nikapiga tena, hakupokea mtu. Nilisimama pale na mkono wa simu, watu nyuma yangu wananiambia Mangi toka na wengine tuongee.

Kwa hiyo barua hii inakuja kwa mkono wa Mama Manka. Anapanda basi la kesho alfajiri na ameniahidi hafiki kwake kabla hajafika kwako. Nimemwambia kila kitu kwa mdomo, hata yale ya aibu, ili barua ikipotea maneno yasipotee nayo. Alilia. Akasema nilimfanya apeleke maneno yale ya wanawake wakiachiwa, na sasa anayarudisha yakiwa yamegeuzwa.

Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine ndogo ya Kaka Ndekirwa. Mpe palepale, usimsubiri amalize kula. Nimemwandikia kwamba mimi ndiye niliyesema na mimi ndiye ninayetengua, na mtoto ni wangu, na daktari amekataza. Naogopa atakataa. Unamjua, akishatangaza jambo kwa watu hapendi kurudi nyuma, atasema huyu mtu wa Dar amelishwa maneno na Wahindi. Akikataa usibishane naye, wala usimsubiri mtu. Mchukue Elibariki uende naye kwa baba yako, ukalale huko. Kule wembe wa kwetu hautavuka mpaka. Nami nimemwandikia Kaka mstari wa mwisho hivi: likitokea lolote, atakayejibu mbele ya Mungu na serikali ni mimi na yeye, wala si wewe.

Pua ikianza, mkalishe ameinama mbele, mbane puani kwa kitambaa safi, usimlaze chali. Akipata jeraha kandamiza, usifungue fungue kutazama. Homa mpe panadoli. Akiwa mweupe midomoni au anapumua haraka, usinisubiri mimi, teremka naye Moshi.

Utajiuliza mbona nisije mwenyewe na basi la kesho. Nami nimejiuliza. Daktari anaandika barua ya kwenda kwa mwenzake kwenye hospitali kubwa ya Moshi, ina majibu ya kule nje na aina ya damu anayotakiwa kuongezwa, na inatakiwa isainiwe na mkubwa wake, ambaye anarudi safari Ijumaa. Amesema bila hiyo wataanza upya kumpima, na yeye hana damu ya kupimwa pimwa. Hiyo ndiyo sababu. Lakini nisikudanganye, nilipoisikia, kuna sehemu yangu ilishukuru kupata siku mbili. Naogopa uso wako. Nimeshapambana na mgambo wa jiji wakitubomolea vibanda, sikuogopa hivi.

Nilimuuliza Daktari kama atapona. Sikupenda jibu lakini nakupa. Akasema hapa kwetu kupona kabisa bado, kuna nchi wanabadilisha uboho, wanachukua wa ndugu anayefanana naye, pengine wa Haika, na ni jambo la hatari na la mbali. Lakini kuishi anaweza, akiangaliwa, akiongezewa damu inapopungua, akiepushwa na vitu vya kumtoa damu. Akasema wapo wanaokua. Nikamuuliza wangapi, akasema, "Mangi, sina namba, nina mmoja, naye ni wako. Tumwangalie huyu."

Eliamani sijui niseme nini. Siku ya mazishi yake mama mmoja wa kwetu alinong'ona kwamba kuna nyumba watoto wa kiume hawakai, akatazama upande wako, na mimi nilikuwa nimesimama karibu, nikanyamaza. Ulinitazama, ukasubiri niseme neno. Najua ulisubiri. Hilo ni kosa la kabla ya yote, na nalileta hapa mwenyewe kabla hujanikumbusha.

Nisalimie Haika, mwambie barua yake ya utepe ninayo, na kwamba alifanya kazi ya baba yake siku ile. Nisalimie Baba, yaani baba yako, mwambie naomba anipokee nikija, na asipotaka kunipa kiti nitasimama. Msalimie shemeji yangu anayekata majani ya ng'ombe wenu, amshike Elibariki mkono kwenye mteremko wa mfereji, kuna mawe. Nisalimie na yule mama wa ofisi ya usharika, msimcheke. Mama Manka mpe chai, amebeba mzigo mzito. Na Elibariki mwambie baba anakuja. Akikuuliza baba yupi, mwambie wako.

Wewe sikusalimii kwa mstari, kwa sababu barua yote ni yako.

Sasa ahadi, na nimeiandika mara mbili, nakala nyingine anayo Mzee Kanti ameifungia kwenye droo yake, akasema Mangi nisipokuona umeondoka nitakusomea mbele ya wateja. Jumamosi hii natoka Ubungo na basi la kwanza, nalala kwetu jioni hiyohiyo. Baba yako nitamwendea na jani la sale mkononi, kama anavyoendewa mtu aliyekosewa, kwa sababu nilitukana nyumba yake. Kwako sitakuja nalo. Sale humfunga mtu, akishaletewa hawezi kukataa, na mimi sitaki unisamehe kwa kufungwa na jani. Nitakuja mikono mitupu, useme unachotaka, au usiseme.

Jumapili baada ya ibada, uani kwa Kaka Ndekirwa, walewale walioalikwa kuja kuona mtoto akikatwa nitawaomba waje siku hiyo, moja kabla. Nitamsimamisha Elibariki mbele yangu, nitasema kwa mdomo wangu kwamba ni mwanangu na Eliamani alikuwa mwanangu, kwamba nilimshuku mama yao kwa neno nisilolielewa, na kwamba desturi itamsubiri yeye, siyo yeye kuisubiri desturi. Na Jumatatu, saa ileile aliyopewa ngariba, sisi watatu tutakuwa tumekaa kwenye benchi la hospitali Moshi, barua ya Daktari mfukoni mwangu, na Elibariki katikati yetu, damu yake yote iko ndani yake.

Mimi mume wako, ukikubali bado niitwe hivyo,
Wilfredi
Baba Haika, Baba Eliamani, Baba Elibariki